Sukari ya Damu Katika Nchi ya Miwa

Barabara ya kutoka Jinja kwenda Kamuli hupita Buwenge, na mashamba ya miwa yako pande zote. Tangu kiwanda cha sukari cha Kakira kilipoanzishwa mwaka 1930, zao hili limeenea Busoga hadi likafika kwenye vishamba vilivyokuwa vya viazi, maharage na mboga. Haishangazi kwamba mtu akiambiwa ana kisukari, jambo la kwanza analofanya ni kuacha kutafuna miwa na kunywa chai bila sukari. Amefanya vyema. Lakini wengi huishia hapo, kisha wakashangaa kipimo kikirudi juu vilevile.

Sukari ya damu hutegemea mambo matatu yanayopaswa kwenda pamoja: chakula, dawa na kazi ya mwili. Karibu kila mgonjwa anayezidiwa, ukimuuliza ameishije siku mbili zilizopita, utakuta moja kati ya hayo matatu lilikwenda bila mengine.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, majirani zetu wa mashariki, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kisukari kwa asilimia 7.4 ya watu wenye umri wa miaka 35 hadi 60. Mwaka uliofuata uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kuwa karibu nusu ya waliokutwa nacho nchini Uganda hawakuwa na habari. Kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, kupungua uzito bila sababu au vidonda visivyopona ni sababu tosha ya kwenda kupimwa. Kipimo cha asubuhi, kabla ya kula chochote, kikisoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa kikawa hivyohivyo, hicho ni kisukari.

Sasa tuje kwenye sahani. Posho, viazi vitamu, muhogo, wali na matoke vyote ni wanga, na wanga ukimeng'enywa huwa glukosi. Kongosho hutoa insulini ili misuli iweze kuichukua glukosi hiyo kutoka kwenye damu. Kwa wagonjwa wengi wa umri mkubwa, insulini ipo lakini mwili umekuwa sugu kwake, na kongosho limechoka kuongeza. Mtu wa namna hiyo akila rundo la viazi na mchuzi kidogo pembeni, damu yake itajaa sukari hata kama hajaonja muwa mwezi mzima.

Mlo wetu haukosi vyakula vizuri. Kinachokosekana ni vipimo. Nusu ya sahani iwe mboga: nakati, dodo, ntula, kabichi. Robo iwe maharage, mukene, samaki au mchuzi wa karanga. Robo inayobaki ndiyo ya wanga, kiasi cha ngumi ya mlaji mwenyewe. Viazi vitamu vya kuchemsha hupandisha sukari polepole kuliko vya kuchoma, na unga wa mahindi usiokobolewa ni bora kuliko ule mweupe wa namba moja. Kalo, yaani ugali wa ulezi, husifiwa sana, na kweli ulezi una makapi yenye faida, ila bado ni wanga. Ukila bonge kubwa utaliona kwenye kipimo. Soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai kama vinane, na hiyo haina nafasi kwenye mlo wa kila siku.

Sikubaliani na ushauri wa kumpikia mgonjwa chungu chake. Katika nyumba nyingi hakuna kuni wala fedha za vyungu viwili, na anayepikiwa peke yake hujiona ametengwa, mwishowe akaacha. Chakula kiwe kilekile, familia nzima ipunguze wanga na kuongeza mboga. Watoto wa mgonjwa nao wana hatari kubwa zaidi ya kuupata ugonjwa huu. Kwa hiyo baba anayekodisha shamba lote kwa miwa nitamwomba abakize japo kipande cha mboga nyuma ya jiko.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni saa ya kumeza dawa. Metfomini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Inataka tu imezwe na chakula ili isisumbue tumbo. Glibenklamidi ni tofauti. Yenyewe hulisukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Mkata miwa akiimeza alfajiri, akaenda kazini tumbo tupu na kushika panga hadi saa sita, misuli inaichoma sukari huku dawa nayo ikiishusha. Kipimo kikianguka chini ya 4, mtu hutetemeka, hutoka jasho, huona njaa kali na kuongea maneno yasiyoeleweka. Hapa kwetu watu husema ni malaria, au amelewa. Mpeni haraka vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subirini dakika 15, mkiona bado rudieni, kisha ale chakula. Muwa haufai kwa dharura hii: kuutafuna huchukua muda, na aliyechanganyikiwa anaweza kukabwa. Akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali.

Kwa sababu hiyohiyo, Mwislamu mwenye kisukari azungumze na mhudumu wake wakati wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, ili saa na kiasi cha dawa vibadilishwe. Na mgonjwa akipata homa, apimwe malaria na sukari siku hiyohiyo, maana homa huipandisha sukari. Anayetumia insulini asiiache kwa kuwa hana hamu ya kula. Aende kituoni apangiwe kiasi.

Insulini ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, wala isigande. Familia nyingi hazina friji, na kwa mtoto anayeishi kwa sindano hilo ni suala la uhai. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na hali ya joto katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya: insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Chungu cha udongo chenye maji, kikiwekwa kivulini, kinaweza kuihifadhi chupa inayotumika, mradi chupa yenyewe isilowe.

Busoga imeteswa na funza kwa miaka mingi, na kisukari huua hisia za miguu. Mtu asiyehisi hajui kama funza ameingia, wala kama kidonda kimeoza. Kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni, ukishindwa kuinama mwombe mjukuu akuangalizie. Vaa viatu vinavyofunika vidole hata shambani. Funza asitolewe kwa pini ya nyumbani. Muuguzi amtoe kwa kifaa safi.

Kuhusu mululuza na majani mengine machungu nitasema kwa ufupi: uchungu haufuti sukari. Ukiyanywa, mwambie mhudumu, na usiyaweke mahali pa kidonge.

Huduma katika vituo vya serikali ni bure tangu mwaka 2001, lakini kuna siku dawa haipo. Siku hiyo wengi hurudi nyumbani kimya, au huanza kugawa kidonge kimoja mara mbili ili kifike mwisho wa mwezi. Usiondoke hivyo. Mwombe mhudumu akuandikie jina la dawa na kiasi chake, muulize kama kuna ya aina nyingine inayoweza kuishika nafasi yake, na ni kituo gani cha jirani kinayo. Anza kuulizia wiki moja kabla vidonge havijakwisha, wakati bado una vya kumeza kesho asubuhi.