Muziki ndani ya gari: fizibo ya batri inalinda nini?

Kwenye barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi-centre, na ile yenye kupita Nyabiondo kuingia Walikale, muziki ni sehemu ya safari. Taksi ziko na bafle nyuma ya kiti, malori yako na ampli ndani ya kabini, na gari za matangazo zinabeba vipaza sauti juu kwa kuita watu kwenye chanjo ao kwenye ibada. Muziki wenyewe hauna shida. Hatari iko kwenye waya moja: ile yenye kutoka kwenye batri kwenda kwenye ampli.

Kwa nini waya hii?

Redio ya kawaida inakula umeme kidogo, na waya yake inapita kwenye fizibo zenye kuwekwa na kiwanda. Ampli inakula mingi, kwa hiyo fundi anachukua umeme moja kwa moja kwenye batri. Hapo ulinzi wa kiwanda unabaki pembeni.

Watu wengi wanasema batri ya volti 12 haiwezi kufanya kitu, kwa sababu ukiigusa na mkono hairushi mtu. Kwa mkono ni kweli. Kwa chuma ni mambo mengine. Batri hiyo ndiyo inazungusha motere asubuhi. Plusi yake ikigusana na bodi ya gari, inaweza kutoa mamia ya amperi mara moja. Waya inakuwa nyekundu, plastiki inayeyuka, tapi na sponji ya viti vinashika moto. Na hapa kwetu, bidoni za esansi mara nyingi zinasafiri pamoja na abiria.

Barabara zetu zinaongeza hatari. Mashimo na matope vinatikisa gari siku nzima. Waya yenye kupita kwenye tundu la chuma inasuguliwa kidogo kidogo mpaka inabaki uchi. Inaweza kuchukua miezi, kiisha siku moja inagusa.

Fizibo inawekwa wapi?

Wengi wanafikiri fizibo ya kwenye batri ni ya kulinda ampli. Hapana. Mara nyingi ampli iko na fizibo zake kwenye mgongo wake. Fizibo ya kwenye batri ni ya kulinda waya. Ndiyo maana inawekwa karibu na batri, mbali ikizidi sana sentimita 45, na kama inawezekana 20 tu. Ukiiweka nyuma karibu na ampli, ile waya yote yenye kupita chini ya tapi, mita 4 ao 5, inabaki bila mlinzi.

Fizibo ikikatika, kuna sababu. Kuweka msumari, kipande cha waya ao karatasi ya sigara pahali pake ni kufukuza mlinzi na kuacha mwizi ndani ya nyumba.

Waya ya ukubwa gani?

Usifuate wati zenye kuandikwa kwenye karto. Angalia fizibo za ampli yenyewe. Ikiwa na fizibo mbili za 30, hesabu amperi 60. Kisha chagua waya ya shaba, yenye nyuzi nyingi nyembamba:

- Mpaka amperi 30: waya ya milimita mraba 10, na fizibo isipite amperi 40.
- Mpaka amperi 60: waya ya milimita mraba 20, na fizibo isipite amperi 80.

Waya ya nyumba ya 2,5 haifai. Ukipitisha amperi 60 kwa mita 5 za waya hiyo, volti 2 hivi zinapotelea njiani, na wati zaidi ya 120 zinageuka joto chini ya tapi. Tena ile yenye uzi mmoja mgumu inavunjika kwa kutikiswa.

Sokoni kuna waya nene za bei ya chini zenye aluminiamu ndani na shaba juu tu. Kwarua uzi mmoja na kisu: ukiona nyeupe ndani, hiyo haibebi umeme kama shaba. Inaomba waya nene zaidi.

Namna ya kuipitisha

Kabla ya kuanza, ondoa kwanza minusi ya batri. Mwisho wa kazi ndiyo unairudisha. Pahali waya inapita kwenye chuma, weka mpira kwenye tundu. Iweke mbali na ekzosi na pedali, ifunge vizuri isicheze, na usiipitishe chini ya chuma cha kiti chenye kusogea.

Waya ya masi, ile yenye kufunga ampli kwenye bodi, iwe nene sawa na ya plusi na fupi, isizidi nusu mita. Ondoa rangi na msasa mpaka chuma kionekane, kisha kaza na buloni. Masi yenye kulegea inapata moto na kuleta makelele kwenye bafle. Kusokota waya na kufunga na skochi haitoshi.

Malori ya volti 24

Fuso nyingi na malori mengine yako na batri mbili zenye kuungana kutoa volti 24. Ampli ya volti 12 ikipata 24, inaungua. Wengine wanachukua 12 kwenye batri moja tu. Hiyo inaua batri: moja inaisha, ingine inachajiwa kupita kiasi na kuchemka. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye kuweza amperi za ampli yako.

Kabla ya kuondoka

Cheza muziki kwa nguvu dakika 10, zima, kisha pitisha mkono kwenye waya na kwenye kisanduku cha fizibo. Kikiwa cha moto, ao plastiki ikinuka, usipakie abiria: rudi kwa fundi.

Moshi ukianza njiani, simamisha, zima motere, teremsha watu wote kwanza. Kama kapo haijashika moto, ondoa minusi ya batri. Katikati ya msitu wa Walikale hakuna zimamoto ya kufika haraka. Kizima-moto cha poda karibu na shofa, na fizibo moja karibu na batri, ndivyo vitu vya kutegemea.