Kabla Hujalipia Kiwanja, Muulize Muuza Genge

Hati ya kiwanja inakuambia ardhi ni ya nani. Maji yanapita wapi, haisemi. Mimi ni fundi ujenzi hapa Dar es Salaam, na ndugu na wateja hunichukua niwasindikize kutazama nyumba au kiwanja kabla hawajatoa pesa. Wengi huja wameshahakiki hati, wameshamjua muuzaji, wameshapatana bei na dalali. Habari za mvua na udongo wamemwachia Mungu.

Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, watu zaidi ya 40 wakafa mjini, na serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, ikawagawia viwanja. Baadhi waliuza wakarudi bondeni. Siwalaumu sana: Jangwani huko bondeni na soko la Kariakoo ni pua na mdomo, na ukiishi Mabwepande nauli inakula faida ya siku nzima. Ila wewe unayenunua leo hujafukuzwa na mtu, unachagua mwenyewe.

Nyumba iliyojengwa tayari ni rahisi kuisoma kuliko kiwanja. Mimi huanzia mlangoni. Nikikuta kizingiti cha zege kimepandishwa kufika magotini, sina haja ya kuuliza zaidi. Hakuna anayejenga ukuta katikati ya mlango wake kwa mapenzi. Kisha natazama chini ya mlango wa mbao kama umevimba, na soketi kama zimehamishwa juu wakati alama za zile za zamani zimezibwa kwa sementi chini yake. Rangi mpya iliyopakwa kuanzia sakafuni hadi kiunoni tu inanitia shaka. Hapo naomba kabati lisogezwe. Nyuma ya kabati watu husahau kupaka rangi, na mstari wa maji ya masika iliyopita unakuwa bado upo, wa kahawia, umenyooka kama umepigwa na pima maji. Plasta nayo naikwangua kwa ufunguo. Ikitoka unga mweupe, kuna chumvi: ama mchanga uliojengewa ulikuwa na chumvi, ama maji ya ardhini yanapanda ukutani. Maeneo ya karibu na bahari hili ni la kawaida, na nondo zilizo ndani ya zege zinakuwa zinaoza polepole.

Kiwanja kitupu kinataka jembe na maswali. Matete yakiota mahali wakati wa kiangazi, hapo maji hayako mbali. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka jua likiwaka utavimba mvua ikinyesha, na msingi wa kawaida utapasuka nao. Chimba shimo la futi nne, urudi kesho yake ulichungulie. Ukikuta maji, jua kwamba na choo chako kitajaa hivyo hivyo, na masika majirani watatapisha vyao kwenye mafuriko. Kipindupindu hapo hakihitaji mwaliko.

Kuhusu maswali, usimuulize mwenye nyumba jirani, kwa sababu bei ya kiwanja chako ndiyo bei ya chake. Muulize mpangaji. Muulize mama wa genge pale kona: “Shikamoo mama, masika ukifunga, unafunga siku ngapi?” Usitaje mafuriko. Atakuambia meza yake huisogeza hadi wapi, na bodaboda huishia wapi.

Mzee wa mtaa akisema tangu azaliwe hapo hapajawahi kujaa, inawezekana anasema kweli tupu. Bado panda juu, mto unakotoka, ukaangalie. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unaingia baharini kwenye Daraja la Salender, na katikati yake kila bati jipya na kila uwanja uliosakafiwa unayaharakisha maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi. Mtaa uliokuwa mkavu miaka 20 iliyopita unaweza kulowa kwa sababu ya ujenzi wa watu usiowajua kabisa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au baharini. Dalali atazipima kwa hatua zake ndefu. Pima mwenyewe kwa futi kamba, na ukumbuke kuwa ukingo wa mto hautulii: panapochotwa mchanga, mto unakula pande zote mbili, na mita 60 za leo zitapungua. Na ukinunua chini ya mlima, kuna hatari ya namna nyingine. Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na kuua watu wengi.

Wengine hunijibu, “Fundi, si tutajaza kifusi?” Kinajazika. Lakini maji uliyoyafukuza yatahamia kwa jirani, naye atajaza chake, na kesi itafika serikali ya mtaa kabla hamjafika kwenye lenta. Piga hesabu: malori ya moramu, kozi za tofali zinazoongezeka kwenye msingi, mtaro wa kutoa maji, choo cha kuinua juu. Mara nyingi kiwanja cha bei ya kutupa kule bondeni kinakuja kuzidi gharama ya kile cha mwinukoni ulichokikataa kwa sababu ya bei.