Prosesa ya Seva Kuukuu kwenye Kompyuta ya Mezani

Prosesa ya Xeon E5-2680 v4 ilipoingia sokoni mwaka 2016, Intel iliipangia bei ya dola 1,745 za Marekani. Leo prosesa hiyo hiyo, ikiwa imeng'olewa kwenye seva, hupatikana kwenye masoko ya mtandaoni kwa chini ya dola 30. Haijaharibika. Ina viini 14 vilevile ilivyotoka navyo kiwandani. Mnunuzi akiiona bei hiyo huingiwa na shaka, na ana haki ya kushuku, ila sababu ya bei hiyo imo kwenye hesabu za mwenye seva.

Kituo cha data hulipia umeme, upoozaji na nafasi ndani ya makabati. Seva moja mpya ikiweza kubeba kazi ya seva tatu au nne za zamani, mwenye kituo huokoa fedha kwa kuziondoa zile za zamani hata kama zote ni nzima. Mkataba wa matengenezo nao huisha baada ya miaka michache, na hakuna benki wala kampuni ya simu inayotaka kuendesha mitambo isiyo na waranti. Basi seva hutolewa kwa mkupuo, maelfu kwa maelfu. Wanunuzi wa jumla huzifungua, hutenga prosesa na RAM, na soko hufurika. Mwaka 2016 ilitokea hivyo kwa Xeon E5-2670 ya viini 8: iliyouzwa zaidi ya dola 1,500 mwaka 2012 ikashuka chini ya dola 100, na wapenzi wa kompyuta Ulaya na Marekani wakaanza kuzinunua mbili mbili. Watengenezaji wa China nao wakaiona nafasi. Chapa kama Huananzhi na Machinist zikaanza kutoa mbao mama mpya, za bei nafuu, kwa ajili ya prosesa hizi kuukuu.

Kabla ya kununua chochote, jiulize kompyuta itafanya kazi gani. Viini ni kama wafanyakazi. Watu 14 wakipukuchua mahindi, magunia huisha mapema. Watu 14 wakitumwa kupeleka barua moja, barua haifiki upesi zaidi. E5-2680 v4 hukimbia kwa gigahezi 2.4, na hufika 3.3 inapojikaza. Kwa anayetengeneza katuni kwa Blender, anayebadilisha video ndefu kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, au mwanafunzi wa mitandao anayetaka kuwasha kompyuta pepe kumi ndani ya mashine moja, viini 14 ni neema. Kwa michezo ya kompyuta, jedwali la hesabu na kuperuzi intaneti, hata Core i3-12100 ya mwaka 2022 yenye viini vinne huishinda waziwazi, kwa kuwa kila kiini chake kina kasi kubwa zaidi. Mwenye kazi za namna hiyo asidanganywe na neno Xeon lililobandikwa kwenye tangazo.

Jambo la pili ni vipuri kuoana, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu wengi huanza na prosesa kwa sababu ndiyo rahisi. Mimi nashauri uanze na ubao mama, kwa kuwa ndio unaoamua kila kitu kingine. Ubao wa asili uliong'olewa kwenye seva ya Dell au HP una umbo lake wenyewe, hauingii kwenye kasha la kawaida, na pawa sapulai yake hutoa volti 12 pekee kupitia kiunganishi kisichofanana na kile cha pini 24 cha kompyuta za mezani. Feni zake nazo zilitengenezwa kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya sanduku jembamba, kwenye chumba kisicho na watu, na kwa kelele zake hazivumiliki sebuleni. Seva nzima hainunuliwi ili igeuzwe kompyuta ya mezani. Kinachochukuliwa ni prosesa, RAM, na wakati mwingine diski.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni ubao wa Kichina wenye jina X99. Jina hilo lisikudanganye, kwani nyingi ya mbao hizi hazibebi chipu ya X99 bali ya B85, H81 au Q87 iliyotolewa kwenye kompyuta za kawaida, na zinafanya kazi, lakini milango ya USB na SATA huwa michache kuliko jina linavyoahidi. Angalia pia sehemu inayoilisha prosesa umeme, kando ya soketi. Kama haina kipande cha chuma cha kupoozea, prosesa ya wati 120 itaichemsha. Njia ya pili, ambayo binafsi naipenda zaidi, ni kununua kompyuta ya ofisi za wahandisi kama HP Z440 au Dell Precision T5810. Hizi ziliundwa tangu mwanzo kubeba Xeon E5 juu ya meza, kwa utulivu, na pawa sapulai zake ni imara. Ukiipata ikiwa na prosesa dhaifu, unaitoa na kuweka yenye viini vingi, mradi BIOS yake iwe mpya ya kutosha kuitambua.

Sasa RAM, ambayo kwangu ndiyo sababu hasa ya kuhangaika na vipuri hivi. Seva hutumia RAM yenye uwezo wa kurekebisha makosa, ECC. RAM ya kawaida hubeba biti 64 kwa wakati mmoja. Ya ECC hubeba 72, na zile 8 za ziada ni za ukaguzi. Biti moja ikigeuka, sifuri kuwa moja au moja kuwa sifuri, mfumo huigundua na kuirekebisha papo hapo bila mtumiaji kujua. Zikigeuka mbili kwa pamoja, hugundua kuwa kuna kosa ingawa hauwezi kulisahihisha. Watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kufuatilia seva za Google, wakaona kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vya RAM hupatwa na makosa ndani ya mwaka mmoja. Kwenye kompyuta isiyo na ECC, kosa kama hilo huweza kuingia kimyakimya ndani ya picha ya harusi au hesabu za duka, na hakuna atakayelijua hadi faili litakapofunguliwa. Kuiweka kinga hii mikononi mwa mtu wa kawaida, kwa bei ya mtumba, ni jambo kubwa.

Lakini RAM ya seva nyingi ni ya aina iitwayo rejista, na ubao wa kompyuta ya kawaida hauwaki nayo kabisa. Hata kwenye LGA 2011-3, soketi ya prosesa hizi, Core i7 haiikubali. Xeon E5 huikubali. Soma kibandiko: PC4-2400T-R ni ya rejista, PC4-2400T-U ni ya kawaida, na hizi mbili hazichanganywi. Kama kibandiko kimebanduka, hesabu chipu nyeusi za kumbukumbu: zikigawanyika kwa 9, ni ya ECC. Kisha nunua vijiti vinne, si viwili. Prosesa hii ina njia nne za kumbukumbu, na ukijaza mbili tu unaiacha nusu ya njia zake bila kazi.

Kadi ya grafiki ni lazima, kwani Xeon E5 haina grafiki ndani yake. Yoyote ya kawaida inatosha kama kazi yako haiitegemei.

Kuhusu diski nina msimamo mkali. Diski ya kuzunguka iliyokaa kwenye seva miaka mitano imetembea saa 43,800 bila kupumzika, na sioni sababu ya kuikabidhi kumbukumbu za familia. Tena nyingi ni za SAS, ambazo haziingii kwenye mlango wa SATA bila kadi maalumu. SSD za seva ni habari nyingine. Intel DC S3700, kwa mfano, iliundwa kuandikwa mara kumi ya ujazo wake kila siku kwa miaka mitano, na ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme wa kumalizia kuandika data pale umeme unapokatika ghafla. Kwa sisi tunaoishi na mgao wa umeme, sifa hiyo ina thamani kuliko kasi. Muombe muuzaji akuonyeshe ripoti ya SMART, inayoeleza hali ya diski, kabla ya kulipa.

Umeme wenyewe uuhesabu mapema. Mashine ikila wati 200 kwa saa 8, imetumia yuniti 1.6 kwa siku. Zidisha kwa siku za kazi na bei ya yuniti kwenye Luku yako au tokeni ya KPLC. Mwenye kazi ya kulipwa ataona inalipa. Anayeiwasha kutazama filamu ataona vinginevyo, na hapo ndipo wazo la kufunga prosesa mbili kwenye ubao mmoja, zinazokula umeme zaidi, hupoteza maana kwa wengi.

Programu endeshi nayo ina masharti. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa hizi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Linux huendelea vizuri, lakini kizazi ni muhimu: Red Hat Enterprise Linux 10 inadai maelekezo ya AVX2, ambayo E5 za v3 na v4 zinayo, na za kwanza pamoja na v2 hazina. Kwa tofauti ndogo ya bei iliyopo, sioni haja ya mtu kununua chini ya v3.

Mashine ikishawaka, endesha MemTest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha, kisha ipe Blender kazi ya saa nzima huku ukitazama nyuzi za joto za prosesa. Fanya hivyo wiki ile ile uliyonunua, wakati muuzaji bado anakubali kurudishiwa kipuri.