SIRI YA BREKI ZA GARI LA MBIO

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Je, aendaye mbio afanyeje? Swali hili nilijibiwa katika gereji ya mjomba wangu, ambapo mimi hupitia kila jioni kwa kuwa ni mwanafunzi wa kutwa. Wengi wetu hudhani gari la mbio ni injini tu. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka likizo ya Agosti mwaka jana.

Binamu yangu, kifungua mimba wa mjomba, ana Subaru Impreza kuukuu yenye tabo. Vijana wengi hapa Kenya hulipenda gari hilo, na si ajabu, maana mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Impreza. Binamu aliongeza nguvu za injini, akabadilisha ekzosi, kisha akazipaka kalipa za breki rangi nyekundu. Zikapendeza kweli! Baadaye akajiandikisha kwa siku ya uwanjani. Siku hiyo hakuna kombe la kushindania. Dereva hulipa kiingilio, akaendesha gari lake mwenyewe kwenye njia ya lami iliyofungwa, pasipo matatu, punda wala watoto wa kuvuka. Huko Ujerumani iko njia ya Nürburgring, yenye urefu wa karibu kilomita 21, ambapo hata raia wa kawaida hulipa na kuingia na gari lake.

Nilikuwepo siku hiyo, kazi yangu kubeba maji ya kunywa. Mizunguko mitatu ya kwanza ilikwenda sawa. Wa nne, gari lilipokaribia kona, niliona taa za breki zikiwaka, zikizima, zikiwaka tena, lakini wapi! Gari halikupunguza mwendo. Lilipita kona, likakata nyasi, likaishia kwenye rundo la tairi kuukuu. Nilikimbia huko machozi yakinitoka. Binamu alitoka mzima lakini akitetemeka. Alisema pedali ilizama hadi chini kama mtu aliyekanyaga matope. Mjomba hakupiga kelele. Aliinama, akanusa gurudumu, akasema, "Umenunua mbio, kusimama hukununua."

Kumbe jambo lenyewe tulikuwa tumelisoma katika Fizikia! Nguvu za mwendo hazipotei, hugeuka kuwa joto. Chukua gari la kilo 1,400 linalokwenda kilomita 100 kwa saa. Likisimama, breki hupokea takriban jouli 540,000, joto la kutosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya chai. Kwa kilomita 150 kwa saa, joto hilo huzidi mara mbili, kwa sababu mwendo hupigwa kwa mwendo wenyewe. Mjini unafunga breki mara moja, kisha zinapoa. Uwanjani unafunga katika kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, na breki hazipati nafasi ya kupumua.

Basi zikizidiwa na joto, mambo mawili hutokea. La kwanza, pedi, yaani vile vipande vinavyobana diski, huchoka. Pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami. La pili ni lile lililompata binamu: mafuta ya breki yalichemka. Mafuta hayabanwi yakapungua, ndiyo maana yanapeleka nguvu za mguu hadi gurudumuni. Mvuke hubanwa. Ukikanyaga, unabana mvuke tu, na pedali inazama.

Mjomba alikataa kumrudishia binamu ufunguo mpaka breki zitengenezwe kwa utaratibu. Alianza na kitu cha bei nafuu zaidi, mafuta. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na yakishaingia maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Yale ya binamu yalikuwa meusi kama chai ya rangi! Tulimwaga yote tukaweka ya DOT 5.1, ambayo huanzia nyuzi 260. Ole wako ukiyachanganya na DOT 5, maana hayo ni ya silikoni.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mjomba alikuwa chini na spana, mimi kwenye kiti na viatu vyangu vya shule. "Kanyaga! Shikilia!" Anafungua, mapovu yanatoka, anafunga. "Achia!" Tukafanya hivyo magurudumu yote manne, kwa mpango uliomo kwenye kitabu cha gari, huku binamu akichunga chupa ya mafuta isikauke. Tone moja liliangukia bodi, na kwa kuwa halikupanguswa upesi, rangi ikabanduka.

Pili tulibadilisha pedi. Pedi za uwanjani huvumilia moto mkali, lakini asubuhi zikiwa baridi zingine hazishiki vizuri, na hupiga kelele. Kwa hivyo anayeendesha gari hilo hilo kwenda kazini achague za katikati. Pedi mpya nazo hufundwa: unafunga breki kidogo kidogo mara kadhaa, kisha unaziacha zipoe, ndipo zishikane na diski. Tatu, paipu za mpira ziliwekwa zile zilizosukwa kwa nyaya za chuma, ili zisifure. Diski kubwa na kalipa kubwa alisema zingoje. Hizo humeza joto zaidi, ila zikiwa na mafuta mabovu utaingia kwenye nyasi vilevile. Tena kinachoshika barabara ni tairi.

Mwezi wa Desemba tulirudi uwanjani. Mzunguko wa nne nilifumba macho. Nilipofumbua, gari lilikuwa limeshatoka konani. Mzunguko wa mwisho binamu aliuendesha polepole ili breki zipoe, na alipoegesha hakuvuta breki ya mkono, pedi zisije zikakwama.

Wasomaji wenzangu, huenda hamna gari kama mimi. Lakini sote hupanda matatu. Mkiteremka kuelekea Mai Mahiu mkasikia harufu ya kuungua, jueni ni joto lile lile. Dereva mwerevu hutia gia ndogo, injini ikasaidia breki. Asipofanya hivyo, mwambieni. Mimi siku hizi husema, hata wakinicheka.