Peugeot 404: Gari la Kazi Lililoingia Maonyeshoni

Je, wajua kwamba lipo gari ambalo difu yake ilitiwa mafuta ya mbarika? Ni Peugeot 404, ile Pijo iliyobeba abiria, mahindi, maharusi na majeneza Afrika Mashariki nzima, na ambayo leo ukitaka kuiona ikiwa kamili inabidi usubiri Jumapili ya mkutano wa wenye magari ya kale.

Ilizinduliwa Paris mwezi Mei 1960. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina, wachoraji mashuhuri wa magari kutoka Turin, Italia, na yale mapezi mawili ya nyuma ndiyo yanayoitambulisha hata ikiwa mbali. Kwenye viwanja vya maonyesho mara nyingine hupangwa karibu na Morris Oxford au Austin Cambridge za miaka hiyohiyo, na mgeni huuliza kama hayo magari ni ndugu. Haulizi vibaya, maana hao Waingereza nao walichorewa na Pininfarina. Kwa macho yangu 404 ndiyo iliyotulia zaidi. Wale wengine wamepambwa kupita kiasi.

Lakini uzuri wa gari hili uko chini ya boneti na uvunguni, mahali ambapo wapiga picha hawafiki. Injini ya petroli iliyozoeleka ina silinda nne na ujazo wa sentimita za mchemraba 1,618, nayo imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti isipande juu sana. Slivu zake huchomoka. Maji ya rejeta yanazizunguka moja kwa moja, na zikishalika fundi huzitoa pamoja na pistoni na kuingiza seti mpya, bila kuipeleka bloku kwa mtu wa kuchonga. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini injini hii iliweza kufufuliwa chini ya mwembe, mbali na karakana yoyote kubwa, na gari likarudi barabarani.

Feni nayo ni kituko. Magari mengi ya wakati huo feni zake zilizungushwa na mkanda muda wote injini ikiwaka, hata asubuhi ya baridi ya Limuru ambako haihitajiki. Feni ya 404 ina sumaku ya umeme kwenye kitovu chake. Injini ikiwa baridi, puli inazunguka peke yake na feni inabaki nyuma. Maji yakipata joto kupita kiwango kilichowekwa, swichi ya joto inapeleka umeme, sumaku inavuta, feni inashika kazi. Injini hupata joto lake upesi na nguvu haipotei bure. Umeme ukikatika safarini, dereva hukaza skrubu za kwenye kitovu, feni inashikamana na puli, na safari inaendelea. Siku hizi ungeambiwa ulete kompyuta.

Sasa hayo mafuta ya mbarika. Difu nyingi hutumia gia mbili za chuma zinazokutana kwa pembe. Peugeot walikuwa na mapenzi ya muda mrefu na mtindo mwingine: parafujo nene ya chuma kigumu inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Meno yake hayagongani, yanateleza. Ndiyo maana difu ya 404 iliyo nzima haipigi kelele, na ndiyo maana inahitaji mafuta yanayong'ang'ania vyuma vinavyosuguana hivyo. Mafuta ya mbarika yana sifa hiyo, na kiwanda kiliagiza mafuta ya jamii hiyo. Fundi asiyejua akamimina mafuta ya kawaida ya difu za kisasa, yenye dawa za salfa, ataitesa shaba polepole bila mwenye gari kujua. Isitoshe, mafuta ya mbarika na yale yanayotokana na mafuta ghafi hayapatani. Yakikutana yanaweza kuganda kama utomvu. Difu ngapi zilikufa kwa kosa hilo hapa kwetu, nadhani ni nyingi.

Wengi hulijua gari hili kwa Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawa jambo la kila Pasaka. Mwaka 1963 yalianza magari 84, mvua ikanyesha, yakafika saba tu. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Miaka ya 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na msoma ramani wake Chris Rothwell, tena na 404. Mwaka 1968 matope yakarudi, yakafika tena magari saba, na Nowicki na Cliff wakashinda kwa mara ya pili. Mara nne ndani ya miaka sita. Hakuna tangazo la biashara ambalo lingeweza kuiuza vizuri kuliko hivyo. Aliyeliona gari limefunikwa tope mpaka kwenye kioo likiingia Nairobi la kwanza hakuhitaji kuelezwa na muuzaji.

Basi zikanunuliwa, na zikafanyishwa kazi. Pikapu zikafungwa mabanda nyuma zikawa matatu. Zile ndefu zenye safu tatu za viti zikawa teksi za masafa marefu. Ufaransa iliacha kuunda saluni mwaka 1975, lakini Kenya iliendelea kuunganisha 404 hadi 1991.

Na hapo ndipo penye ajabu yake. Gari la kitajiri, lililotoka mara moja kwa mwezi, limehifadhika vizuri na hujaa kwenye maonyesho. Lile lililokuwa kila mtaa limetoweka, kwa sababu kila mwenye nalo alilitumia mpaka tone la mwisho, kisha mlango ukaenda kwa jirani, rejeta kwa shemeji na bodi kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nairobi kuna Concours d'Elegance, inayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu 1970, na ambayo kwa miaka mingi imefanyika mwezi Septemba kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji wake hukagua injini, viti, buti, hata uvungu, wakitafuta vumbi. Kuipeleka 404 mbele yao ni sawa na kumvalisha suti mchimba visima, lakini ni afadhali iende kuliko ibaki kwenye mabanda ya kuku.

Kama nyumbani kwa babu ipo moja iliyolala, usikimbilie kuiwasha kwa betri ya kuazima. Chomoa plagi zote nne, dondoshea mafuta ya injini kidogo katika kila silinda, uache usiku mzima, kisha uizungushe taratibu kwa hendeli. Mwaga petroli ya zamani, safisha kabureta na platini, badilisha mafuta ya breki na mipira yake. Tairi zilizopasuka pembeni usizipande hata kama bado zina kashata. Halafu fungua boliti ya difu, uangalie na kunusa kilichomo kabla hujaongeza chochote, na umwite fundi aliyeshika Pijo tangu ujana wake. Wapo bado, ila wamezeeka; waulize mwaka huu.