Flashi isiyo otomatiki

Flashi isiyo otomatiki ni taa ndogo ya kupigia picha inayotoa mwanga mkali kwa muda mfupi sana, na ambayo nguvu yake huwekwa na mpiga picha mwenyewe kwa kubonyeza vitufe, badala ya kupangwa na kamera. Inaweza kukaa juu ya kamera, lakini faida yake kubwa huonekana inapoondolewa hapo na kuwekwa pembeni juu ya stendi. Kwa kuwa haina mitambo ya kuwasiliana na kipimamwanga cha kamera, bei yake ni ndogo kuliko ile ya flashi za mfumo wa TTL ambazo hujipima zenyewe. Kwa sababu hiyo inawafaa wanafunzi wa upigaji picha na wapiga picha wa sherehe wenye mtaji mdogo.

Isichanganywe na kifaa cha kuhifadhia data za kompyuta ambacho pia huitwa flashi.

Historia

Mwaka 1887 Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitengeneza unga wa magnesi uliochanganywa na kemikali nyingine, uliowaka ghafla ulipowashwa. Unga huo ulitoa moshi mwingi na mara nyingine ulisababisha moto na majeraha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilianza kuuzwa globu za flashi, ambazo kila moja ilitumika mara moja tu na kutupwa. Mwaka 1931 Harold Edgerton wa chuo cha MIT nchini Marekani aliunda flashi ya umeme inayoweza kuwaka tena na tena; ndiyo asili ya flashi za leo.

Katika miaka ya 1970 flashi ndogo kama Vivitar 283 zilienea kwa wapiga picha wa kawaida. Mwaka 2006 David Hobby, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Baltimore Sun, alianza kutoa katika intaneti masomo ya bure juu ya kutumia flashi ndogo nje ya kamera. Baadaye kampuni za China, zikiwemo Yongnuo, Godox na Neewer, ziliingiza sokoni flashi za bei nafuu za aina hiyo.

Jinsi inavyofanya kazi

Flashi nyingi za aina hii hutumia betri 4 za saizi ya AA. Umeme wa betri hupandishwa hadi volti 300 hivi na kuhifadhiwa ndani ya kapasita. Mpiga picha anapobonyeza kitufe cha kamera, umeme huo hupita mara moja katika mrija wa kioo wenye gesi ya xenoni, na gesi hutoa mwanga. Baada ya hapo kapasita huanza kujazwa upya.

Nguvu hupunguzwa kwa hatua: 1/1 (kamili), 1/2, 1/4, 1/8 na kuendelea hadi 1/128. Kila hatua ni nusu ya ile iliyotangulia. Kutumia nguvu ndogo huokoa betri na kufanya flashi iwe tayari haraka kwa picha inayofuata.

Kasi ya shata haibadilishi mwanga wa flashi unaoingia katika picha, mradi isizidi kikomo cha kamera, ambacho kwa kamera nyingi ni sekunde 1/200 au 1/250. Ikizidishwa, sehemu ya picha hutoka nyeusi. Kasi ya shata hurekebisha mwanga wa mazingira, kama vile jua na taa za ukumbi. Upenyo wa lenzi na ISO hurekebisha vyote viwili.

Namba ya mwongozo

Uwezo wa flashi hutajwa kwa namba ya mwongozo. Namba hiyo ikigawanywa kwa umbali wa mita kati ya flashi na mtu anayepigwa picha, hupatikana upenyo wa lenzi unaofaa kwa ISO 100.

Kwa mfano, flashi yenye namba 32 ikiwekwa umbali wa mita 4 kwa nguvu kamili, upenyo ni 32 ÷ 4, yaani f/8. Ikipunguzwa hadi robo, namba ya mwongozo huwa 16, na upenyo ni f/4. ISO ikipandishwa kutoka 100 hadi 400, namba ya mwongozo huongezeka mara mbili.

Mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu anapolinganisha namba hizi. Mtengenezaji huweza kutaja namba iliyopimwa wakati kichwa cha flashi kimebana mwanga katika eneo dogo. Yongnuo YN560 III, kwa mfano, hutajwa kuwa na namba 58, lakini kwa zumu ya milimita 105. Mwanga ukitawanywa, au ukipitishwa kwenye mwavuli mweupe, uwezo halisi hupungua sana.

Kuwasha flashi iliyo mbali na kamera

Zipo njia tatu za kawaida:

- Waya: ni rahisi na wa kutegemewa, lakini ni mfupi na watu huweza kujikwaa.
- Jicho la mwanga: flashi huwaka inapoona flashi nyingine. Hali ya S1 hufuata mmweko wa kwanza. Hali ya S2 huruka mmweko wa awali ambao kamera hutoa ili kujipima. Njia hii hudhoofika kwenye jua kali, na katika sherehe flashi huweza kuwashwa na kamera ya mtu mwingine.
- Redio: kifyatulio hukaa juu ya kamera na kipokezi hukaa kwenye flashi. Hufanya kazi hata juani na nyuma ya ukuta.

YN560 III na Godox TT600 zina kipokezi cha redio ndani yake, wakati Neewer TT560 hutegemea jicho la mwanga au kipokezi cha kununua kando. Mifumo ya Yongnuo na Godox haisikilizani, kwa hiyo ni vizuri kuchagua mfumo mmoja kabla ya kununua flashi ya pili.

Kamera nayo ichunguzwe. Kifyatulio cha kawaida hutegemea nukta ya chuma iliyo katikati ya kiti cha flashi. Baadhi ya kamera za bei nafuu, kama Canon EOS 4000D na 250D, hazina nukta hiyo, na vifyatulio vya kawaida haviwezi kufanya kazi juu yake. Mwenye kamera ya namna hiyo huweza kutumia flashi ndogo ya kamera yenyewe kuamsha flashi ya pembeni kwa hali ya S2.

Matumizi katika Handeni na Korogwe

Handeni na Korogwe ni miji ya Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Katika miji ya namna hii mpiga picha hutegemea zaidi harusi, sendofu, mahafali, ubatizo, maulidi na picha za pasipoti. Matukio hayo hayarudiwi. Flashi ikikataa kuwaka wakati wa kuvishana pete, picha hiyo imekosekana daima, na heshima ya mpiga picha hupotea pamoja nayo. Kwa hiyo flashi mbili za bei nafuu huweza kumfaa kuliko moja ya bei kubwa, kwani moja ikiharibika nyingine huendeleza kazi.

Hali ya mwanga ina changamoto tatu. Kwanza, miji hiyo iko karibu na latitudo 5 kusini, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na wa Oktoba. Mchana macho ya watu huwa kivulini, na flashi ya pembeni huyaangaza.

Pili, sherehe nyingi hufanyika chini ya maturubai ya rangi. Mwanga uliopigwa juu ya turubai la bluu hurudi ukiwa wa bluu na kuharibu rangi ya ngozi na nguo. Flashi iliyoelekezwa kwenye mwavuli mweupe, au kwenye shuka jeupe lililotandazwa, huepusha tatizo hilo.

Tatu, kwa watu wenye ngozi nyeusi flashi ya mbele moja kwa moja hufanya paji la uso ling'ae na sura ionekane bapa. Ikiwekwa pembeni, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi na juu kidogo ya kichwa, huonyesha umbo la uso.

Katika picha ya kundi flashi isisogezwe karibu mno. Aliye mita 2 kutoka kwenye flashi hupata mwanga mara 4 zaidi ya aliye mita 4. Ikirudishwa nyuma hadi mmoja awe mita 6 na mwingine mita 8, aliye mbali hupata zaidi ya nusu ya mwanga wa mwenzake, na tofauti haisumbui tena.

Kununua iliyotumika

Flashi iliyotumika ijaribiwe kwa nguvu zote, si kwa nguvu kamili tu. Mnunuzi huangalia kama vyuma vya betri vina kutu, kama mrija umeungua na kuwa mweusi, na inachukua sekunde ngapi kuwa tayari tena. Baadhi ya flashi za zamani, zikiwemo Vivitar 283 za mwanzo, hutoa zaidi ya volti 200 kwenye kiti cha kamera na huweza kuunguza kamera ya kidijitali. Fundi mwenye mita ya umeme huweza kuzipima.

Betri za kuchaji za NiMH hujaza flashi haraka kuliko betri za kawaida za kutupwa, na gharama yake hurudi kwa mtu anayezitumia mara kwa mara. Kwa kuwa umeme huweza kukatika, ni vizuri kuzichaji mapema na kuwa na seti ya akiba.

Usalama

Kapasita huweza kubaki na umeme hatari hata baada ya betri kutolewa. Asiye fundi asifungue flashi. Vilevile isiwashwe karibu na macho ya mtoto mchanga, na stendi iliyo nje iwekewe uzito, kama mfuko wa mchanga, kwani mwavuli hushika upepo.