Chumvi Ghalani: Anguko la Wafalme wa Devagiri

Katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, limesimama jabali lenye kimo cha mita zipatazo 200, nalo limechongwa ubavuni hata mjusi aone taabu kulipanda. Juu yake ipo ngome ya Devagiri, yaani Mlima wa Miungu, iliyokuwa makao ya wafalme wa Kihindu wa ukoo wa Yadava. Bhillama wa Tano alijitangazia uhuru mwishoni mwa karne ya 12. Mjukuu wake, Simhana, akaupanua ufalme kupita wote waliomtangulia.

Askari aitazamapo ngome hiyo hana budi kujiuliza ilishindwaje.

Mwaka 1296, katika enzi ya mfalme Ramachandra, alitokea Alauddin Khalji, mtoto wa nduguye Sultani wa Delhi, pamoja na wapanda farasi elfu chache. Njiani alieneza uvumi kwamba amekosana na ami yake, naye anakwenda kutafuta utumishi kwa mfalme mwingine. Jeshi kubwa la Devagiri lilikuwa mbali pamoja na mwana wa mfalme.

Ramachandra akakimbilia ngomeni. Mwanatarehe Firishta, aliyeandika miaka 300 hivi baadaye, asimulia kwamba walinzi waliyakuta chini ya jabali magunia ya wachuuzi waliokimbia, wakayapandisha upesi wakidhani ni nafaka. Mwana wa mfalme aliporudi alipigana vikali, akakaribia kushinda. Lakini kikosi kilichoachwa kuizingira ngome kilikuja mbio, na vumbi lake likawafanya watu wake waamini kuwa jeshi zima la Delhi limewasili. Wakatawanyika. Ndipo magunia yalipofunguliwa: chumvi tupu!

Mimi siwalaumu waliobeba. Lawama ni ya aliyeyapokea bila kukata kamba hata ya gunia moja, na zaidi ni ya mfalme, aliyeiacha ngome kama ile bila akiba wakati wa amani.

Ramachandra alijikomboa kwa dhahabu, lulu na ahadi ya kodi ya kila mwaka. Baada ya kifo chake mwanawe aliasi, akauawa. Mkwewe Harapala naye vivyo hivyo, na yapata mwaka 1317 ufalme ukaisha. Mwaka 1327 Sultani Muhammad bin Tughluq aliufanya mji huo kuwa makao yake makuu, akauita Daulatabad. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliiona ngome hiyo baadaye. Ilikuwa gereza, na katika mashimo ya wafungwa, asema, mlikuwamo panya wakubwa kuliko paka.